Meza, Kisha Useme Neno

Fungueni midomo. Nyanyueni ndimi. Haya, vizuri, kesho!

Msinicheke. Hayo ndiyo maneno niliyoyasema kila siku ya kazi kwa miaka mingi, na hata sasa nimestaafu bado yananitoka. Juzi mjukuu wangu alimaliza uji wake, akaweka kikombe mezani, nikamwambia fungua mdomo. Akafungua, masikini, akidhani namkagua jino bovu.

Mimi ni Hilda, mzaliwa wa Masasi, mkazi wa Gerezani tangu marehemu mume wangu alipopata kazi reli. Nyie vijana mnaokaa kibarazani kwangu na simu zenu mmekuwa mkiniuliza, "Bibi, eti ulikuwa unawanywesha mateja dawa?" Ndiyo. Nilikuwa muuguzi kwenye dirisha la kliniki moja hapa mjini, ambako watu waliokuwa wakijitoa kwenye unga, yaani heroini, walikuja kila asubuhi kunywa methadoni. Sisi hatukuwaita mateja, tuliwaita kwa majina yao. Na kabla hamjaanza kunionea huruma niwaambie jambo moja: sijapata kufanya kazi mahali nilipocheka kama pale.

Dawa yenyewe ni ya maji, chungu mno. Inautuliza mwili uliozoea unga, ili mtu apate akili ya kufikiria mambo mengine, mathalani chai. Akipimiwa sawasawa halewi, anakwenda kazini kama wewe. Lakini ina nguvu. Mtu asiyeizoea akinywa kipimo cha mwenzake anaweza kulala asiamke tena. Kwa hiyo enzi zetu haikuwa ya kubeba. Unakuja, unainywa mbele ya muuguzi, unaondoka. Siku hizi nasikia waliotulia muda mrefu wanapewa ya kwenda nayo nyumbani, na nafurahi kwa ajili yao. Zamani hata ungekuwa na msiba, kwanza ulipita dirishani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chitanda, mtu wa Tunduru, mfupi, mpole, lakini macho yake hayakosi kitu. Siku yangu ya kwanza nilimpa mgonjwa kikombe, akanywa, nikamuuliza, "Umemeza?" Akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake. Mzee Chitanda akanivuta pembeni.

"Hilda, yule kaondoka na dawa shavuni."

"Umejuaje, mzee?"

"Kakujibu kwa kichwa. Mtu wa Kariakoo anayejibu kwa kichwa umemwona wapi?"

Tulimkuta nyuma ya ukuta akiitemea kwenye kichupa akauze. Ndipo nikafundishwa utaratibu. Mgonjwa anakunywa dawa, anakunywa maji, kisha lazima aseme neno, na si neno la kuguna. Aseme kitu kirefu kidogo. Halafu afungue mdomo na kunyanyua ulimi. Mtu anaweza kusema "mmh" akiwa amejaza shavu, lakini hawezi kusema "Shikamoo Sista, jana nyanya zimepanda bei sokoni" bila kumwagika.

Basi mnaweza kukisia kilichotokea. Waambie watu wa Kariakoo kwamba ni lazima waseme neno kila asubuhi, uone. Foleni iligeuka kijiwe. Mmoja alinisimulia ndoto zake, mwingine alimsengenya mama mkwe wake kwa awamu. Dula, msukuma mkokoteni wa kule shimoni, chini ya soko la Kariakoo, alikuwa shabiki wa timu ya Jangwani, na kila ilipofungwa alileta sababu mpya: refa, jua, nyasi ndefu, viatu vya golikipa. Nikamwambia, "Dula, hata mimi nyasi zikiwa ndefu sifungi." Foleni nzima ikaangua kicheko. Mtu anayecheka kwa mdomo wazi ameshameza, kwa hiyo nilikuwa nafanya kazi yangu barabara.

Mmoja tu ndiye asiyekuwa msemaji. Huyo ni fundi Shomari, na habari yake ndiyo ninayotaka muisikie.

Shomari alikuwa fundi cherehani, mshona kanzu na suti, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa lililokuwa la kaka yake mkubwa, Bakari. Ukoo wao ni wa hapahapa mjini tangu enzi za mababu, watu wanaojulikana msikitini na sokoni. Msimu mmoja wa sikukuu oda zilimzidi, rafiki yake Hamisi akamwambia avute kidogo, uchovu utaisha. Na kweli uchovu uliisha. Siwadanganyi kwa kusema unga ni mchungu siku ya kwanza. Ungekuwa mchungu, nani angerudi? Shomari aliniambia baadaye kwamba mwanzoni alijisikia kama amefunikwa blanketi la joto. Baada ya muda mfupi joto lile halikuja tena, ila asipovuta ndipo anapokiona cha moto. Miayo mfululizo, machozi na kamasi vinachuruzika, tumbo linakata, mifupa inauma hadi ya vidole, vipele vya baridi mchana wa jua kali. Hiyo ndiyo arosto. Kuanzia hapo hakuvuta tena ili afurahi, alivuta ili aweze kusimama.

Halafu kuvuta kukawa hakutoshi, akaingia kwenye sindano. Sindano moja watu kadhaa, kwenye jengo bovu. Humo ndimo wenzake wengi walimopatia virusi vya Ukimwi na homa ya ini, na majipu ya mikono ambayo mimi nimeyaosha na sitawasimulia, maana mtakula chakula baadaye. Shomari alisalimika na virusi, Mungu tu anajua kwa nini.

Kuhusu ushonaji wake, kilichomwangusha ni suti ya bwana harusi. Mnawaona wale wanaosinzia wakiwa wamesimama, wameinama mpaka unadhani wataanguka, nao hawaanguki? Shomari alisinzia hivyohivyo juu ya mkasi. Alipozinduka alikuwa amekata suruali usawa wa goti. Bwana harusi alikuja kuchukua suti akakuta kaptula. Mimi niliposimuliwa nilicheka hadi nikakaa chini, na Shomari mwenyewe alicheka siku hiyo kwa mara ya kwanza. Lakini wakati ule hakuna aliyecheka. Bakari alimtoa kibarazani, mke akarudi kwao, na binti yake Mwanaidi akalelewa kwa baba yake mkubwa huyo. Kwa sababu vitu vya nyumbani vilianza kutoweka, Shomari alipigwa marufuku kuvuka kizingiti.

Kilichomleta kwetu ni kifo cha Hamisi. Hamisi alikamatwa, akakaa ndani muda, akatoka mzima amenenepa. Siku aliyotoka alichukua kipimo kilekile alichokizoea zamani. Mwili ulikuwa umeshasahau. Alianza kukoroma, midomo ikawa ya bluu, na wenzake badala ya kumkimbiza hospitali walimmwagia maji na kumnywesha maziwa. Sikilizeni vizuri hapa, maana sina mzaha. Mkimkuta mtu hivyo, mlazeni ubavu, msimpe kitu mdomoni, msimwache peke yake, mkimbizeni hospitali na mseme ukweli ametumia nini. Hamisi angekuwa hai leo. Shomari alimzika asubuhi, mchana akasimama getini kwetu.

Alikuja kila siku. Akinywa, anakunywa maji, anasema, "Ahsante Sista, siku njema," anafungua mdomo, anaondoka. Hivyohivyo, miezi na miezi. Mwili ukarudi, mikono ikaacha kutetemeka, akapata kazi ya kutia vifungo kwa fundi mwingine. Halafu asubuhi moja alimeza, akakaa kimya.

"Fundi, sema neno."

"Sista, Mwanaidi anaolewa."

Foleni ikapiga vigelegele, na Dula ndiye aliyepiga cha juu kuliko wote. Lakini Shomari hakuwa na furaha. Katika dini yao baba ndiye mwenye kumuozesha binti yake. Wengi humpa sheikh uwakala awasemee, lakini Shomari alitaka kumshika mkono mkwewe na kutamka mwenyewe, kwa sababu Mwanaidi mwenyewe alimtumia ujumbe kwamba ndivyo anavyotaka. Bakari alikataa. "Akisinzia mbele ya wakwe je?" alisema. "Mimi ndiye niliyemlea, nitaozesha mimi." Wakaenda kwa sheikh. Sheikh akasema hawezi kumnyima baba haki yake kwa habari za mtaani, wala hawezi kufungisha ndoa na mtu ambaye akili yake haipo. Siku yenyewe atakaa naye chumbani amsikilize. Akiwa sawa, ataozesha. Akiwa na dalili yoyote, Bakari atashika nafasi.

"Sasa hofu yako nini?" nikamuuliza. "Wewe si mzima?"

"Sista, sijasema maneno mengi mbele ya watu miaka. Nitakwama, watasema nimelewa."

Mzee Chitanda alisikia kutoka ndani. Yeye ni Muislamu, na mambo hayo anayajua. Akaja, akapitisha mkono wake kwenye kile kitundu cha kutolea vikombe. "Nishike mkono," akamwambia. "Haya, niozeshe."

Shomari akamshika. "Nimekuoza binti yangu Mwanaidi..." Sauti ikakatika. Machozi yakamjaa.

"Kesho utafika kwenye mahari," Mzee Chitanda akasema. "Fungua mdomo."

Tangu siku hiyo neno lake likawa hilohilo. Kila asubuhi alimeza, akanywa maji, akaingiza mkono dirishani. Mzee Chitanda akiwa na kazi, mkono nilitoa mimi. "Nimekuoza binti yangu Mwanaidi kwa mahari mliyokubaliana." Nami najibu, "Nimekubali." Siku ya kwanza nilipojibu Dula alipiga kelele, "Jamani, Sista kaoa! Ubwabwa uko wapi?" Fikirieni, mimi mjane, Mkristo, mwanakwaya, nimeoa binti wa Kiislamu mara zisizo na idadi. Mwisho foleni nzima ilikuwa inajibu pamoja, "Nimekubali!" mpaka mlinzi wa getini naye akazoea. Na Shomari akazidi kunyooka. Mzee Chitanda alimrekebisha, usiharakishe, mtazame machoni, mkono usiukamue kama unakamua nazi.

Siku ya ndoa, mvua. Si mvua ya kuvaa kofia, mvua ya kuifanya Jangwani kuwa bahari. Kliniki yetu ilikuwa ng'ambo ya bonde hilo, na wengi wa wagonjwa, Shomari akiwemo, walikuwa upande wa Kariakoo. Barabara ikafungwa, mabasi ya mwendokasi yakasimama. Sisi wafanyakazi tulizungushwa na gari la hospitali kupitia Upanga. Nilikaa dirishani naangalia foleni ambayo haikuwepo.

Nilijua hesabu ya mwili wake. Asipokunywa, jioni hiyohiyo jasho na miayo vingeanza kubisha hodi, na hofu ya arosto peke yake humtetemesha mtu kabla arosto yenyewe haijafika. Sheikh angeona nini? Bakari angeona nini? Na tena kati ya nyumbani kwa Shomari na sisi kulikuwa na vijiwe ambamo dawa nyingine, ile mbaya, haizuiliwi na mafuriko. Nilimwomba Mungu kwa Kiswahili na kwa Kimakua. Muda wa kufunga ulifika, Mzee Chitanda akajifanya anatafuta ufunguo. Aliutafuta muda mrefu sana, na wakati wote ulikuwa mkononi mwake.

Ndipo tukasikia kelele getini. Vigelegele vya wanaume, mnajua vinavyokuwa vibaya. Nikachungulia. Dula alikuwa mbele, amelowa chapachapa, anavuta mkokoteni wake. Wenzake wa foleni walikuwa wanausukuma nyuma. Juu ya mkokoteni, amekaa kwenye gunia, amefunikwa nailoni kama shehena ya sukari, alikuwa Shomari, na kifuko chenye kanzu mpya aliyoishona mwenyewe kakipakata kama mtoto. Walikuwa wamezunguka mjini kote, Upanga hadi daraja la Salenda, ndiyo wakatufikia.

"Baba wa bibi harusi hatembei kwenye tope," Dula akasema akihema. "Halafu tumemweka katikati ili asitutoroke."

"Nitoroke niende wapi na nyie mnaimba hivyo?" Shomari akajibu. "Mji mzima unatutazama!"

Alikunywa dawa, akanywa maji, akaingiza mkono dirishani, akasema maneno yote bila kukwama. Foleni ikaitikia. Akafungua mdomo. Nikamwambia, "Haya, vizuri, kesho!" kisha nikaingia chooni nikalia kidogo, nikanawa uso.

Mvua ilikatika mchana. Nilialikwa, nami jioni nikaenda, nimejitanda kitenge changu kizuri. Turubai lilikuwa uani kwa Bakari, wanaume nje, sisi wanawake ndani kwenye mlango unaotazama uani. Shomari alivuka kile kizingiti alichokatazwa, akaingizwa chumbani na sheikh. Bakari alisimama mlangoni na joho lake, tayari. Mwanaidi alikuwa karibu yangu, ananibana mkono bila kujua mimi ni nani, hina yote ikanihamia.

Mlango ukafunguliwa. Sheikh akasema, "Baba yupo. Tuendelee."

Shomari akakaa, akamshika mkono kijana. Akamtazama machoni, hakuharakisha, akasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni, "Nimekuoza binti yangu Mwanaidi kwa mahari mliyokubaliana."

Bwana harusi, kwa woga, akameza mate.

"NIMEKUBALI!" ikaitikia safu nzima ya nyuma, Dula na wenzake, kwa mazoea, kwa pamoja, kwa nguvu zote.

Sheikh aligeuka polepole. "Nyie kina nani? Bwana harusi si mmoja?"

Ilibidi tusubiri watu wamalize kucheka. Bwana harusi mwenyewe alicheka, na kicheko kikamfungua ulimi, akakubali vizuri peke yake. Mwanaidi alikuwa analia na kucheka pamoja, wanja wote umeharibika, na kungwi wake ananikaripia mimi kana kwamba ndiye niliyemliza.

Ikaletwa sharbati. Shomari akapewa glasi ya kwanza, naye akainywa yote mpaka chini. Akasema, "Alhamdulillahi, binti yangu kaolewa." Kisha akageukia mlango wetu, akafungua mdomo, akanyanyua ulimi.

Nami nikasahau niko ugenini, nikapaza sauti, "Haya, vizuri, kesho!"

Bakari akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Kesho kuna nini?"

"Kesho nakwenda kunywa dawa, kaka," Shomari akamwambia. "Na kesho kutwa. Ndivyo ninavyokuwa hivi unavyoniona."

Bakari alichukua glasi ya mdogo wake akamjazia tena.

Asubuhi yake maji ya Jangwani yalikuwa yamepungua na foleni imerudi. Niliona kanzu mbili zinakuja. Shomari akanywa dawa, akanywa maji, akasema, "Shikamoo Sista, huyu ni kaka yangu, amenisindikiza."

"Marahaba. Fungua mdomo."

Shomari akafungua. Na nyuma yake Bakari, mzee mzima na joho lake la jana, mtu ambaye hajapata kuonja hata sigara, akavua kofia na kufungua mdomo wake.